Kuidadisi Gene Ontology kwa pronto

Ukishapata orodha ya jeni, swali linalofuata ni moja: zinafanya kazi gani mwilini? Gene Ontology (GO), mradi ulioanza mwaka 1998, hupanga majibu katika mafungu matatu: michakato ya kibiolojia, kazi za molekuli na sehemu za seli. Kwa kuisoma mimi hutumia pronto, maktaba ya Python. Ni nyepesi, na ukishapakua faili huhitaji intaneti tena.

Hatua ya 1: Sakinisha

```
pip install pronto
```

Pakua go-basic.obo, faili yenye istilahi za GO (kila istilahi hutaja mchakato, kazi au sehemu moja), kutoka purl.obolibrary.org/obo/go/go-basic.obo. Anza na faili hii: haina mizunguko, hivyo ukipanda toka istilahi kwenda kwa wazazi wake hutajikuta umerudi ulikotoka.

Hatua ya 2: Fungua faili

```
import pronto
go = pronto.Ontology("go-basic.obo")
print(go.metadata.data_version)
```

Mstari wa mwisho usiuruke. GO hutolewa upya mara kwa mara. Usipoandika toleo, mwenzako hataweza kurudia kazi yako.

Hatua ya 3: Ita istilahi

```
t = go["GO:0005759"]
print(t.name, t.obsolete)
```

Hii ni matriksi ya mitokondria, yaani ute uliomo ndani kabisa ya mitokondria. Tumia kitambulisho, maana majina hurekebishwa. Ukiona True, istilahi imeondolewa, t.replaced_by itakuonyesha mrithi wake, kama yupo.

Hatua ya 4: Panda kwa wazazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

```
for m in t.superclasses(with_self=False):
    print(m.id, m.name)
```

Soma orodha vizuri: mitokondria, GO:0005739, haimo! Sababu ni kwamba superclasses hufuata uhusiano wa is_a peke yake, yaani "ni aina ya". Matriksi si aina ya mitokondria, ni sehemu yake, na uhusiano huo huitwa part_of. Ukihesabu protini za mitokondria kwa is_a tu, zile zilizotajwa kwenye matriksi pekee zitakuponyoka zote, na programu haitakuonya. Fuata njia zote mbili:

```
def mababu(t, wote=None):
    wote = set() if wote is None else wote
    wazazi = list(t.superclasses(distance=1, with_self=False))
    for r, xs in t.relationships.items():
        if r.id == "part_of":
            wazazi += list(xs)
    for w in wazazi:
        if w.id not in wote:
            wote.add(w.id)
            mababu(w, wote)
    return wote

print("GO:0005739" in mababu(t))
```

Sasa jibu ni True.

Utakutana pia na uhusiano wa regulates, yaani "hudhibiti". Nakushauri usiichanganye humu: jeni inayodhibiti mchakato fulani si lazima iwe inashiriki kuutekeleza, na ukiziweka kapu moja hesabu zako zitavimba. Iandikie funksheni yake pembeni, kama tulivyoandika mababu.