Kuangalia seli za nzi wa matunda zinavyogawika, na usichore sentrioli usiyoiona

Mnaosoma bailojia fomu siksi, hii mnaifanya hapohapo skuli, muhimu muwe na hadubini, sindano mbili kali, asidi ya asetiki asilimia 45 na rangi ya orseini.

Nzi hawatafutwi, weka ndizi iliyoiva mpaka ikalegea ndani ya chupa ya jem, iache wazi jikoni, wakishaingia funika kwa kitambaa uiweke kivulini. Baada ya siku kama tano mabuu yaliyoshiba yanaanza kupanda ukuta wa chupa, hayo ndo unayoyataka, yaliyozama kwenye ndizi yaache.

Buu mmoja mtie kwenye tone la maji ya chumvi (asilimia 0.7) juu ya slaidi. Sindano moja bonyeza mdomoni penye vidoa vyeusi, ya pili katikati ya mwili, vuta polepole. Vitatoka vitu vingi, usipapatike: mirija miwili mirefu inayong'aa ni tezi za mate, ubongo ni vile viduara viwili vilivyoshikana vyenye kimkia. Huo ubongo ndo tunaoutaka, utie kwenye asidi ya asetiki nusu dakika hivi, kisha rangi dakika chache, funika kioo, weka tishu juu bonyeza kwa gumba wima, kioo kikiteleza tu ishaharibika, chukua buu mwengine. Kolchisini usitie, inavunja nyuzi za spindeli, zile zinazovuta kromosomu seli ikigawika, na wewe unataka uone kromosomu zinavyovutwa huku na huku.

Sasa kuchora, hapa ndo wengi wanaharibu, wanakopi kitabu wanaweka sentrioli (vile vijiti vidogo sana vinavyokaa kwenye ncha za spindeli) kila ncha. Jamani kwa rangi hii haionekani! Na wala si lazima iwepo. Mwaka 2006 Renata Basto, Jordan Raff na wenzao kule Cambridge walionesha nzi wenye hitilafu ya jini ya DSas-4, inayohitajika kutengeneza sentrioli: mwanzoni kiinitete kinatumia akiba ya mama, ikiisha sentrioli zinapotea, lakini seli zinaendelea kugawika, spindeli inajengwa bila hizo ila inachelewa kidogo, na nzi anatoka na umbo lake kamili. Kinachomuua ni kwengine, hana silia (vijinywele vya seli vinavyojengwa juu ya sentrioli), neva zake za kuhisi hazifanyi kazi, basi hajimudu, ananasa kwenye chakula anakufa.

Nzi hao hapa Unguja sijui nani atakuletea, ila mgawiko usio na sentrioli unao sokoni: otesha kitunguu kwenye maji, kata ncha ya mzizi, loweka kwenye asidi ya haidrokloriki ilainike, halafu rangi ileile.