Namna ya Kupima Unyevu na Densiti ya Ubao wa Mnazi

Fundi seremala wa Pemba akipelekewa ubao wa mnazi, mara nyingi huuliza kwanza kama mwembe au mfenesi umekosekana. Hofu yake ina msingi, kwa kuwa ameshaona boriti za mnazi zilizopinda na vibao vilivyosinyaa hata misumari ikalegea. Kwa maoni yangu lawama hiyo haiustahiki mti, bali inamstahiki aliyeupasua bila ya kujua amepasua sehemu gani. Mnazi hauna pete za miaka, wala haunenepi kwa kujiongezea tabaka jipya kila mwaka kama mwembe. Shina lake ni nyuzi ngumu zilizotawanyika ndani ya tishu laini, na nyuzi hizo husongamana zaidi karibu na ganda na upande wa chini, zikipungua kadiri mtu anavyoelekea katikati na juu. Kwa hivyo gogo moja hutoa mbao za daraja tatu: ngumu, zenye densiti, yaani uzito kwa kila kipimo cha ujazo, ya kilo 600 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, za kati, kuanzia 400 hadi 600, na laini, zilizo chini ya 400. Maelezo haya yanaonesha namna ya kuzitambua kwa vipimo, na yanaweza kufuatwa na mwanafunzi wa skuli yenye maabara ndogo.

Anza na mti wenyewe. Chagua mnazi mkongwe ulioacha kuzaa vizuri, ambao mwenye shamba ameshaamua kuuangusha, na hakikisha kibali cha kukata kimepatikana kwa kupitia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na wahusika wa misitu. Mara tu baada ya mti kuanguka, kata visahani vya unene wa sentimita 5 katika sehemu tatu: mita moja kutoka ardhini, katikati ya shina, na mita moja chini ya kilele. Juu ya kila kisahani chora mstari kutoka kwenye ganda hadi kwenye kiini, kisha toa vipande vitatu vya mchemraba wenye upande wa sentimita 3: kimoja karibu na ganda, kimoja kati ya ganda na kiini, na kimoja kwenye kiini chenyewe. Andika alama kwa penseli, si kwa wino, kwa sababu wino hutoka ukikutana na maji. Funga kila kipande ndani ya mfuko wa plastiki na ukaze vizuri, kwani kipande kilichoachwa juani kwa muda mfupi tu kimeshapoteza sehemu ya unyevu unaotaka kuupima.

Kipimo cha kwanza ni uzito mbichi. Tumia mizani inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu, na upime siku ile ile ya kukata. Baada ya hapo pima ujazo, na hapa ndipo panapohitaji utulivu. Weka bilauri pana yenye maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Choma kipande kwa sindano nyembamba na ukizamishe chote, bila ya kukiacha kiguse chini wala ubavuni. Idadi ya gramu zitakazoonekana ni sawa na idadi ya sentimita za ujazo za kipande hicho, hata kama kinataka kuelea na inabidi ukisukume chini kwa sindano. Soma haraka, kwa sababu sehemu laini hunywa maji kama sifongo. Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na maji ya bahari, kwa kuwa ni mazito zaidi, yatakuongezea ujazo wa uongo wa takriban asilimia 2.5.

Kisha kausha vipande ndani ya oveni ya maabara yenye joto la digrii 103 za Selsiasi, isizidi wala kupungua kwa zaidi ya digrii 2. Jiko la mkaa halifai, kwani joto lake halishikiki, na sukari iliyomo ndani ya mnazi huanza kuungua likipanda. Baada ya saa 24 toa vipande, viache vipoe ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana, kisha uvipime. Virudishe na upime tena kila baada ya saa 6, mpaka tofauti kati ya vipimo viwili iwe chini ya nusu ya asilimia moja. Kifuniko hicho kisipuuzwe: hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, na kipande kilichokauka kabisa huanza kuuvuta tena kikiwa bado mezani. Umeme ukikatika, andika muda uliopotea na uendelee pale utakaporudi, kwani kinachohesabiwa ni uzito kutulia, si idadi ya saa.

Hesabu ni mbili. Unyevu hupatikana kwa kutoa uzito mkavu kutoka kwenye uzito mbichi, kugawa kwa uzito mkavu, na kuzidisha kwa 100. Densiti ya msingi hupatikana kwa kugawa uzito mkavu kwa ujazo wa kipande kilipokuwa kibichi. Tuseme kipande cha karibu na ganda kina ujazo wa sentimita 27, uzito mbichi wa gramu 29.7 na uzito mkavu wa gramu 18. Unyevu wake ni asilimia 65, na densiti yake ni karibu kilo 667 kwa mita ya ujazo. Kipande cha kiini chenye ujazo huo huo kina gramu 27 kikiwa kibichi na gramu 6.75 kikikauka: unyevu ni asilimia 300, na densiti ni kilo 250. Tazama uzito mbichi wa vipande hivi viwili. Haupishani hata gramu 3, na mtu akivishika mkononi ataona vinalingana, ilhali kimoja ni mti na kingine kwa sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana simshauri mtu yeyote achague ubao wa mnazi kwa kuunyanyua ukiwa mbichi.

Ukishapata majibu ya visahani vyote vitatu, rudi kwenye gogo na uchore kwa rangi, kwenye ncha zake zote mbili, mpaka wa kilo 600 na mpaka wa kilo 400, ili mpasuaji aone aishie wapi. Msumeno wake uwe na meno yaliyotiwa chuma kigumu, kwa kuwa nyuzi za nje huyala meno ya kawaida upesi. Mbao ngumu zitafaa kwa nguzo, boriti na sakafu, za kati kwa samani na kuta za ndani, na laini zisibebeshwe mzigo wowote. Zote zipangwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 15 hivi, kwani kwa hali ya hewa yetu hazitashuka sana chini ya hapo. Kila ubao ubaki na alama ya kisahani ulikotoka, na daftari la vipimo likabidhiwe kwa fundi pamoja na mbao zenyewe.