Kumwandaa mrushaji wa besiboli Kisumu na Nakuru: anza na tuta

Kijana anayeota kurusha besiboli ya kulipwa hukimbilia kutafuta glavu. Angetafuta jembe kwanza. Mrushaji husimama juu ya tuta lenye kimo cha sentimita 25, na aliyezoea ardhi tambarare akipandishwa hapo, mguu wa mbele huchelewa kutua na mpira hupita juu ya kichwa cha mdakaji.

Tuta la mazoezi liwe na upana wa mita 1.5 na urefu wa karibu mita 4. Sentimita 85 za nyuma ziwe bapa. Humo huzikwa kibao cha kukanyagia, sentimita 61 kwa 15. Acha sentimita 15 mbele ya kibao, kisha teremsha sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30 mpaka ufike chini. Kutoka ukingo wa mbele wa kibao hadi ncha ya nyuma ya bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Watoto wa miaka 12 kurudi chini hutumia mita 14, na tuta la sentimita 15.

Kazi ngumu ni udongo. Ule mweusi wa nyanda za Kano, jirani na Kisumu, hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hunata kama gundi. Wa Nakuru ni mwepesi, hutimka vumbi. Tafuta wa kichuguu, huo huo wa kukandikia nyumba: uponde, uchekeche, uunyunyizie maji, ushindilie tabaka za sentimita 5. Andaa wilbaro kama 20. Kila baada ya mazoezi jaza shimo mguu unapotua, lishindilie, funika turubai. Shimo likiachwa bila kujazwa, kifundo cha mguu kitateguka. Tuta lielekee kaskazini-kusini, maana jua la asubuhi au la jioni likimpiga mdakaji usoni, mpira utampiga pia.

Mpira wenyewe una gramu 142 hadi 149. Wa kriketi ni rahisi kuupata lakini una gramu 156 au zaidi, usiutumie. Na aliyecheza kriketi lazima asahau kunyoosha kiwiko: hapa hukunjwa, na mguu wa mbele unapotua kiwiko kiwe kimefika usawa wa bega. Kikiwa chini ya hapo, mzigo mkubwa huangukia kiwiko.

Kwa mpira wa kasi, weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono pale unapochora umbo la kwato, gumba chini, na uache mwanya kati ya mpira na kiganja. Kwa mpira wa hadaa, ule unaofika polepole kuliko mpigaji anavyotarajia, uzamishe kiganjani kwa vidole vitatu, kisha rusha kwa nguvu ile ile. Mshiko ndio hupunguza kasi. Wengi hupunguza mwendo wa mkono, na mpigaji huwasoma mara moja.

Mpira wa kupinda usubiri. Asiufundishwe aliye chini ya miaka 13. Nakuru una kikwazo kingine. Mpira hupinda kwa kuisukuma hewa, na katika mita 1,850 hewa ni nyepesi kuliko hata ya Denver, mji wa mita 1,600 ambao warushaji wa Marekani huuogopa. Kisumu, mita 1,130, kidogo kuna nafuu. Kwa hiyo kijana wa Nakuru akiona mpira haupindi vya kutosha asikaze kiwiko kuulazimisha. Anoe ule wa hadaa, ambao hautegemei sana hewa.

Mtu mmoja ashike daftari na kuhesabu mirusho. Kwa siku, miaka 9 na 10 isizidi 75; 11 na 12, 85; 13 hadi 16, 95. Aliye na miaka 14 au chini akirusha 66 au zaidi, apumzike siku 4. Hata mrushaji wa kulipwa anayeanza mechi Marekani kwa kawaida hazidishi 100, kisha hukaa siku nne au tano. Makocha wetu huwapa vijana mechi mbili Jumamosi na moja Jumapili.

Uchovu wa misuli ya bega kesho yake si tatizo. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni jambo jingine: hapo ndipo ilipo kano ambayo daktari mpasuaji Frank Jobe alimtengenezea Tommy John, mrushaji wa kulipwa wa Marekani, mwaka 1974, na mchezaji huyo akakosa msimu mzima wa 1975. Kijana akiyasikia, aache kurusha siku hiyo hiyo, amwone daktari wa mifupa, asichuliwe.