Kutumia LibreOffice kwenye Windows bila kuisakinisha

LibreOffice, programu ya ofisi ya kuandikia hati na majedwali, hupakuliwa kama faili la .msi, yaani kifurushi cha usakinishaji. Windows yenyewe inaweza kulifungua na kuyatoa mafaili yote bila kugusa rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) wala kuweka chochote kwenye menyu ya Start. Njia hii inafaa unapotaka kujaribu toleo jipya huku la zamani likiendelea na kazi zake, au kubeba programu kwenye flashi.

Pakua .msi ya LibreOffice kutoka tovuti yao rasmi, ulipe jina fupi, mfano lo.msi, uliweke D:\. Acha nafasi ya GB 2. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika:

msiexec /a D:\lo.msi /qb TARGETDIR=D:\LO

Herufi /a ndiyo inayosema "toa mafaili tu"; ukiweka /i utasakinisha kikweli. TARGETDIR lazima iwe njia kamili kuanzia herufi ya diski. Njia ikiwa na nafasi, izungushie alama za kunukuu, lakini usimalizie na \ kabla ya alama ya kufunga: amri itasomwa vibaya na kugoma.

Usiifungue programu bado. Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Ndani ya D:\LO, kwenye folda program, kuna faili la bootstrap.ini, ifungue kwa Notepad, tafuta mstari unaoanza na UserInstallation, uubadilishe uwe:

UserInstallation=$ORIGIN/..

Bila hivyo, mipangilio itaandikwa kwenye AppData (folda ya mipangilio ya mtumiaji wa Windows), mahali pale pale linapoandika toleo lililosakinishwa, na matoleo mawili yataanza kuharibiana mipangilio. $ORIGIN ni folda ya program yenyewe, kwa hiyo hata flashi ikibadilika kutoka E: kuwa F:, kila kitu kinabaki sawa.

Sasa fungua programu kwa kubofya soffice.exe iliyo kwenye folda program. Ikilalamika kwamba vcruntime140.dll au msvcp140.dll haipo, itafute kwanza ndani ya D:\LO. Ukiikuta, inakili hadi program. Usizichukue DLL (mafaili saidizi kama hayo) kwenye tovuti za ovyo, ndimo virusi vinamopitia. Ukiikosa, kinachohitajika ni Visual C++ ya Microsoft, na hiyo huomba nywila ya msimamizi.

Kompyuta ya ofisi ikikataa msiexec kwa sera zake, zungumza na watu wa IT.

Kubofya hati mara mbili hakutaifungua humu. Ifungulie ndani ya programu. Masasisho utayafanya mwenyewe, kwa kutoa toleo jipya kwenye folda nyingine. Kwenye flashi, funga programu kabisa kabla ya kuichomoa, la sivyo hati itabaki na faili la .~lock (alama kwamba imefunguliwa) na ukirudi utaambiwa inatumika.