Kutu kwenye bodi ya gari: iue kwanza, rangi baadaye

Kabla hujanunua hata karatasi moja ya msasa, tafuta sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji inatosha. Ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze, kisha ipitishe taratibu kuzunguka doa la kutu. Inaponata, chini yake kuna bati. Inapoteleza kana kwamba umeiweka kwenye ubao, hapo kuna puti, ule ugoro wa kuzibia mashimo kabla ya rangi: fundi mwingine alishapita kabla yako. Gari nyingi zinazoletwa kwangu hapa Dar es Salaam na "kutu mpya" zina kutu ya zamani iliyofunikwa, na sasa imechoka kujificha.

Mafundi hao siwacheki, nilikuwa mmoja wao. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi niliziba kwa puti ukingo wa madigadi ya nyuma ya Corolla, nikapiga rangi, mwenye gari akaondoka anang'aa kuliko gari lenyewe. Masika ilipoisha alirudi, rangi imevimba kama andazi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikikua chini ya rangi lazima iinyanyue. Na puti hunywa maji. Kuipaka juu ya kutu ni kuitandikia godoro bichi.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nini

Chukua bisibisi, bonyeza katikati ya doa. Bati likiwa gumu, endelea kusoma. Bisibisi ikizama, bati limekwisha: ni la kukatwa na kuchomelewa kipande kipya, na mwongozo huu hautakusaidia. Ikizama kwenye sketi chini ya milango au kwenye chasi, usisubiri hata wiki, maana hapo ndipo penye nguvu ya gari.

Chungulia na upande wa ndani. Pikapu zinazobeba samaki kutoka soko la Feri huoza sakafu ya nyuma kuanzia chini, juu unaona kitone tu. Hata magari ya mtumba yaliyotumika kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, mara nyingi hufika na kutu chini, kwa sababu kule barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji.

Hatua ya 2: Osha, kausha

Sabuni na maji mengi, halafu jua. Usifute kwa petroli. Huacha mafuta, na cheche moja inatosha kukuharibia siku.

Hatua ya 3: Ng'oa mpaka chuma cheupe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huchoka mapema. Anza na msasa namba 80. Usiishie pale kutu inapoonekana kuishia, kwa sababu hutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima. Ifuate mpaka upate bati safi, kisha ongeza sentimita 2 au 3 pande zote. Kingo za rangi ya zamani zilaze kwa namba 180, halafu 320, mpaka ukipitisha kidole usisikie ngazi.

Tahadhari na brashi ya waya ya kufunga kwenye mashine. Inakwenda haraka, lakini mara nyingi huisugua kutu ikang'aa ukadhani ni chuma. Angalia kwa karibu: vidoti vyeusi kama mbegu za ufuta ni kutu iliyojichimbia. Hivyo huviondoi kwa msasa peke yake.

Hatua ya 4: Dawa

Tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi. Vaa glavu na miwani. Paka kwenye vidoti, iache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kutu iliyobaki itageuka nyeusi au kijivu. Kisha osha mabaki na ukaushe kabisa, kwa sababu asidi ikibaki, praima (rangi ya kwanza ya kushikia) haitashika. Futa kwa thina safi na kitambaa safi.

Tangu ulipofikia chuma cheupe, saa inakwenda. Kwa hewa ya pwani, kama ya Mbezi Beach au Kigamboni, bati lililolala uchi usiku mmoja huamka na rangi ya chai. Praima iingie siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Praima, kisha puti

Naam, kwa mpangilio huo. Piga praima ya epoksi iliyochanganywa na hadina yake (dawa ya kuigandisha), tabaka mbili. Ikikauka, ikwangue kidogo kwa msasa, ndipo upake puti kwenye mashimo, nyembamba, isizidi milimita 2 au 3. Hadina ya puti ni kidogo mno, takribani asilimia 2 ya uzito. Ukizidisha, rangi yake itakuja kujitokeza juu kama doa.

Puti isugue kavu. Najua gereji nyingi husugua kwa maji ili vumbi lisiruke, lakini ndiyo njia ya kuyaingiza maji ndani kabla hujafunika. Rudisha praima juu yake, malizia kwa namba 600.

Hatua ya 6: Rangi

Usichague kwa macho. Kwenye Toyota tafuta kibati chenye maandishi C/TR, ama kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, usome namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 silva. Nyeupe ya kawaida unaweza kuijaribu mwenyewe kwa kopo la sprei. Silva nakushauri umwachie fundi, kwa sababu chembe zake hulala tofauti kila mkono unapobadilika, na kiraka kitaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Puliza kwa umbali wa sentimita 20 hivi, tabaka jepesi, subiri dakika 10, rudia. Fanya kazi kivulini, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi huota ukungu mweupe. Klia (tabaka angavu la juu ya rangi) yenye hadina isipulizwe kwa barakoa ya vumbi. Inahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa, na mahali penye hewa.

Ipe wiki moja kabla ya kusugua kwa namba 2000 na polishi.

Hatua ya 7: Upande usioonekana

Nyuma ya ulipotengeneza, paka nta ya kuzuia kutu. Kila ukitoka ufukweni, osha chini ya gari kwa maji ya bomba, hasa mkunjo wa bati juu ya tairi unaobeba matope. Halafu kagua matundu ya kutolea maji chini ya milango. Ukifunga mlango baada ya mvua ukasikia maji yanachezacheza ndani, tundu limeziba. Tafuta kijiti ulizibue siku hiyohiyo.