Kabla ya kikao cha BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), chungulia ziwa kutoka juu

Wenzangu wa Kigoma, mkibishana kikaoni kuhusu tope ziwani, nendeni na picha. Fungua Copernicus Browser (tovuti ya picha za satelaiti, ni bure), sogeza ramani hadi Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, upande wa Ilagala. Chagua satelaiti ya Sentinel-2. Hupita kila baada ya siku 5 hivi, na kila nukta ya picha ni mita 10, kwa hiyo usihangaike kutafuta mtumbwi wako. Tazama rangi ya maji. Linganisha Julai na Machi. Machi mawingu husumbua kweli, basi punguza asilimia ya mawingu kwenye kichujio au rudi miaka ya nyuma. Piga picha ya skrini ukiwa bado mjini, maana mwaloni mtandao una mambo yake.