Gari ya jangwani: uchukue ya punguzo au ungoje modeli ya mwakani?

Kila inapoingia Septemba hapa Maskati, joto likaanza kulegea na watu wakaanza kupanga safari za ramlani, kwenye mchanga wa jangwa la Bidiya, jamaa zangu huniuliza swali lile lile. Wakala ametundika bango la punguzo kwa modeli ya mwaka huu, na modeli ya mwakani iko njiani au ishafika. Wachukue ipi? Nawajibu hapa kwa urefu, kwa sababu hizi ni pesa nyingi na wengi huamua kwa kutazama bango tu.

Kwanza ujue mwakani kinabadilika nini

Muuzaji atakwambia kila kitu ni kipya. Usiridhike. Muombe karatasi za vipimo za modeli zote mbili, uziweke meza moja na uzisome mstari kwa mstari: injini, giaboksi, mifuko ya hewa, difu-loki (kifungio kinachofanya magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja), ukubwa wa rimu. Mara nyingi utakuta kilichobadilika ni rangi moja kuondoka na nyingine kuingia. Hapo modeli ya mwakani ni nambari kwenye mulkia, kadi ya usajili wa gari, tu, na mie simshauri mtu angoje nambari maadamu punguzo ni la kweli.

Mara nyingine gari ni ile ile lakini imetiwa vitu vya maana. Jeep Wrangler ya 2024 kwa nje ilifanana sana na ya 2023. Ukiisoma karatasi, unaona imepata mifuko ya hewa ya pazia pembeni, viti vya mbele na vya nyuma, na Rubicon, daraja lake la majabali, imewekewa Dana 44 mpya nyuma, ekseli ambayo uzito wa gari unabebwa na ganda lake badala ya shafti inayozungusha gurudumu. Anayepanda majabali ya Wadi Bani Awf na tairi kubwa anaijua faida ya ekseli hiyo, na anayepakia watoto nyuma aijue faida ya mifuko ile. Kwa mabadiliko ya namna hii, punguzo la rial mia tano halinishawishi.

Halafu kuna mwaka wa kizazi kipya, gari inapoundwa upya, na huu ndio mgumu. Hapa Ghuba mfano mzuri ni Nissan Patrol. Kizazi chake kinachoitwa Y62 kilizinduliwa Abu Dhabi Februari 2010, na ile ya injini kubwa ilikuwa na V8 (silinda nane) ya lita 5.6, nguvu farasi 400, isiyo na turbo. Septemba 2024, Abu Dhabi tena, kikazinduliwa kizazi kilichofuata, Y63. V8 ikaondoka. Ikaja V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, nguvu farasi 425, gia 9 badala ya 7, na nguvu ya kuvuta Nm 700 pale V8 ilipokuwa na 560.

Mtoto wa kaka yangu, anakaa Seeb, alinipigia simu siku zile. “Shikamoo Ami. V8 zimebaki chache na wameshusha bei. Nichukue au ningoje hii mpya?”

Nikamuuliza, “Marahaba. Utakaa nayo miaka mingapi?”

“Mpaka watoto wamalize skuli, Inshallah.” Mkubwa wake alikuwa darasa la pili.

Nikamwambia chukua V8. Injini ile imekaa kwenye joto na mchanga wa Ghuba tangu 2010, na mafundi wa gereji za mitaani wanaijua ndani nje. Springi, shokamzoba, bampa za chuma, sahani za kukinga chini, vyote vimeshatengenezwa na vimeshajaribiwa. Mwaka wa mwanzo wa kizazi kipya unalipa bei kamili, vifaa vya ziada bado havijaenea, na hitilafu za utotoni za gari huonekana kwa wanunuzi wa kwanza. Lakini sikumficha upande wa pili: kwenye mchanga laini, injini inayovuta kwa nguvu ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini inasaidia sana, na hapo Y63 inaishinda V8. Angekuwa mtu wa kuuza kila baada ya miaka mitatu, ningemwambia angoje.

Piga hesabu ya punguzo kabla hujalifurahia

Punguzo linaanza kuliwa siku utakayouza, kwa sababu mnunuzi wako ataanza na swali la “modeli ya mwaka gani?” Basi fanya hivi. Fungua matangazo ya gari zilizotumika, tafuta gari yako ya miaka mitatu nyuma na ya miaka minne nyuma, zenye injini moja na kilomita zinazokaribiana. Tofauti ya bei zao ndiyo takriban gharama ya kuwa na modeli ya nyuma kwa mwaka mmoja.

Tuseme modeli zote mbili bei yake ni rial 22,000, na hii ya mwaka huu imepunguzwa 2,500. Unalipa 19,500, na kodi ya VAT ya asilimia 5 nayo inashuka kwa rial 125, kwa hivyo umeokoa 2,625. Kama matangazo yamekuonesha tofauti ya 1,500 kwa mwaka mmoja, ukiuza baada ya miaka mitatu bado umebaki na 1,125 mkononi. Kama punguzo lilikuwa 1,000, umepoteza. Ukikaa nayo miaka minane au tisa, pengo la mwaka mmoja linakuwa dogo na punguzo karibu lote linabaki lako. Ndiyo maana swali la utakaa nayo muda gani linatangulia swali la bei.

Wanaonunua kwa mkopo waangalie zaidi. Rial 16,000 kwa faida ya asilimia 4 kila mwaka, isiyoshuka hata deni likipungua, kwa miaka 5, ni rial 3,200 juu ya deni. Wakala akitoa modeli mpya bila faida, na ile ya punguzo ukalazimika kuichukulia murabaha ya kawaida (benki inanunua gari na kukuuzia kwa faida), gari ya bei ya chini inaweza kukutoka ghali kuliko ya bei ya juu. Andika jumla ya kila kitu mpaka malipo ya mwisho, kwa gari zote mbili, ndipo ulinganishe.

Na “zawadi” zihesabu kwa bei yake ya mtaani. Bima ya mwaka mmoja na sevisi za bure zina thamani. Mikeka, vioo vya tinti na kopo la kung'arishia, sahau.

Msimu wa kwenda

Hapa kwetu punguzo kubwa hutoka mara mbili: Ramadhani na mwisho wa mwaka. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu. Ya 2026 ilianza Februari, kwa hivyo ofa za Ramadhani zimesogea karibu na wakati ambao wakala bado ana mabaki ya modeli ya mwaka uliopita. Nenda siku za mwisho za mwezi, muuzaji akiwa anatafuta kutimiza hesabu yake, na uende na bei ya wakala mwingine uliyoandikiwa kwenye karatasi.

Gari iliyolala yadi ichunguze vizuri

Modeli na tarehe ya kutengenezwa ni vitu viwili. Gari ya modeli ya 2026 inaweza kuwa imetoka kiwandani 2025. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo: gari ya soko la Ghuba huwa imeandikwa mwezi na mwaka. Kisha inama usome tairi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne. 1825 maana yake ni wiki ya 18 ya 2025. Soma zote tano, na ile ya akiba usiisahau. Tairi iliyopigwa na jua la Maskati miezi mingi ndiyo hiyo utakayoishusha hewa mpaka psi 15 na kuiingiza mchangani, kwa hivyo nyufa ndogo ubavuni zinatosha kudai tairi mpya.

Betri ni ya pili. Gari inayowashwa mara moja moja kusogezwa yadi, betri yake huchoka mapema. Waipime mbele yako au waweke mpya. Tazama mpira wa vioo, waipa, diski za breki kama zimeshika kutu nzito ya unyevu wa bahari, na nyaya chini ya boneti kama panya hawajapita. Omba mafuta ya injini yabadilishwe kabla ya kukabidhiwa. Hayo si maombi makubwa kwa mtu anayekununulia gari iliyokukalia.

Halafu uliza swali hili na utake jibu la maandishi: gari hii imewahi kusajiliwa au kutumika kuwaonjesha wateja? Dhamana ya kiwanda kwa kawaida huanza siku gari inapokabidhiwa au kusajiliwa mara ya kwanza. Kama ilishaandikwa kwa jina la wakala miezi minane iliyopita, miezi minane ya dhamana yako ishakwenda, na bei ishuke kwa ajili ya hilo.

Kilichobaki huenda ndicho kinachokufaa

Gari zinazobaki mwisho wa mwaka mara nyingi ni zile ambazo watu wa mjini hawazitaki: viti vya kitambaa, rangi nyeupe tupu, rimu ndogo. Kwa ramla hizo ni bora. Rimu ya inchi 17 au 18 inaacha ubavu mrefu wa tairi, na ubavu huo ndio unaotanuka ukishusha hewa. Rimu ya inchi 22 inapendeza mjini Qurum jioni, lakini mchangani ubavu wake mfupi hauna pa kutanukia, na rimu inaumia haraka.

Ila hakikisha kitu kimoja. Ziko gari zenye umbo la jangwani zinazouzwa zikiendeshwa na magurudumu mawili tu, na zinapobaki hupunguzwa bei kwelikweli. Ukifika kwenye kizuizi cha polisi cha kupandia Jabal Akhdar utarudishwa. Tafuta 4L (gia nzito ya magurudumu manne) na difu-loki ya nyuma kwa macho yako, bonyeza, uone taa inawaka. Na bima uisome kabla ya kusaini, uone kama inakulinda nje ya lami, maana si zote.

Ukiamua kungoja

Kungoja nako kuna gharama yake. Msimu wetu wa ramla ni Oktoba mpaka Machi. Gari uliyoahidiwa Desemba ikija Aprili, mwaka mzima umekupita na watoto wameshinda nyumbani. Kabla ya kutoa arbuni, waandike modeli, daraja, rangi, bei isiyopanda, na tarehe ya kukabidhiwa, kisha waandike kwamba tarehe ikipita arbuni inarudi yote. Wakikataa kuandika tarehe, waombe wakuoneshe tena ile ya punguzo.